Vumi ya Fisi Haina Ubovu

Ulikuwapo mwaka ambao hata jasho liliogopa kutoka. Katika nyika ya Mkolekole visima vilikauka, mito ikabaki njia za mchanga, na wanyama wakawa wanasalimiana kwa kutikisa kichwa tu ili wasimalize mate. Maji yalibaki mahali pamoja: bwawa la Simba, ng'ambo ya vilima.

Simba hakuwa mchoyo. Alikuwa na kiburi, jambo ambalo kwa mwenye kiu halina tofauti kubwa. Alikaa juu ya jabali lake, mbali na lango, wala hakuwahi kuinuka kumtazama mgeni. Mgeni alitakiwa asikike. Kila kundi lilipewa siku yake ya zamu, na siku hiyo lilipaswa kubisha hodi kwa ngoma, tena ngoma yenye vumi, ile kubwa ya sauti nzito ambayo husafiri mbali kuliko ngoma nyingine zote. Vumi ikimfikia Simba jabalini, husema, "Waingie." Isipomfikia, kwake yeye hakuna aliyekuja, na zamu imepita.

Mwalimu wa ngoma wa Mkolekole alikuwa Kanga. Kanga wenzake wana kelele. Yeye kelele zake zote alizihamishia kwenye ngoma za wanafunzi wake, akabaki na sauti ya upole. Nyani alipiga chapuo, ile ngoma ndogo ya haraka. Sungura alitikisa kayamba. Vumi alipewa Fisi kwa sababu alikuwa na mabega ya kuibeba, na tumpe haki yake, alijua kuipiga.

Ukame ulipoanza tu, mzee Mbogo aliugua. Kabla ya kufa aliita kundi akasema, "Msinizike na ngozi yangu. Iwekeni akiba ya vumi. Hii iliyopo imechoka, haitamaliza kiangazi. Ikipasuka, niwambeni. Nataka niwapeleke majini mimi mwenyewe." Mjane wake, Bi Mbogo, aliyekuwa na ndama mchanga, aliinamisha kichwa akakubali. Ngozi ikaanikwa, ikakunjwa, na kwa desturi ya wapigaji wa Mkolekole ikakabidhiwa kwa mpigaji mwenyewe ailalie, izoee jasho lake mpaka siku ya kuhitajika.

Ndiyo. Walimpa Fisi ngozi alalie. Mkutano ulikaa, ukajadili, ukapitisha.

Sungura peke yake ndiye aliyeinua mkono. "Samahani, Mwalimu. Tunampa Fisi ngozi?"

"Tunampa mpigaji wa vumi," akajibu Mwalimu Kanga. "Hapa darasani hakuna Fisi wala Sungura. Kuna wapigaji."

"Sawa, Mwalimu. Ila atakayeilalia ni Fisi."

Wenzake wakamzomea, akakaa.

Fisi, kusema kweli, hakukusudia kuila. Alianza na ukingo. Alijiambia kwamba ukingo hukatwa wakati wa kuwamba, kwa hiyo haumo katika hesabu. Ukingo ulipokwisha, ngozi ikawa imekaa upande, akala upande wa pili ili ilingane. Kisha akakumbuka kwamba ngoma ni duara, akala pembe zote ili ikae duara. Akaitazama. Duara lilikuwa dogo kuliko mdomo wa vumi. Na ngozi isiyotosha ngoma ni ya nini? Akaimaliza, akalala juu ya majani makavu, akaota ananenepa.

Haukupita muda mrefu, joto likafanya kazi yake. Ngozi ya zamani ya vumi ikakakamaa, ikachanika katikati. Katika mazoezi, mahali ambapo ilitakiwa iseme "duuum" ikasema "pwa," kama mkia wa kambare ukipiga tope. Nyani alicheka mpaka akakosa mapigo.

Mwalimu Kanga alimsubiri Fisi hadi wenzake walipotawanyika, kwa maana hakuwa mwalimu wa kumwaibisha mwanafunzi mbele za watu.

"Mwanangu, vumi imepasuka."

"Haijapasuka, Mwalimu. Imejikunja kidogo."

Mwalimu Kanga akachomoa unyoya mmoja, akauingiza katika ufa. Unyoya ukaangukia ndani ya mzinga wa ngoma. Wote wawili wakausikiliza ukitua.

"Huo mkunjo una mlango," akasema.

"Mwalimu, hiyo ndiyo sauti yangu. Si wewe uliyetufundisha kwamba kila mpigaji ana sauti yake?"

"Nilifundisha kwamba kila mpigaji ana mkono wake. Sauti ni ya ngozi. Lete ile ya marehemu tuiwambe. Nimeweka kibuyu cha maji ya kuilowekea, sijakigusa." Kweli hakuwa amekigusa. Ilikuwa ni posho yake ya kunywa, tone juu ya tone, na ulimi wake ulikuwa umekauka kama gamba la mti.

Fisi akakitazama kibuyu, akatazama pembeni. "Nitaileta."

Hakuileta. Mwalimu Kanga akamfuata tena. Alikuwa amefundisha wengi, na alijua kwamba mwanafunzi anayekataa ngoma yake itengenezwe mara nyingi haogopi matengenezo. Anaogopa kitu kilicho jirani na matengenezo.

"Labda hujui kuwamba," akamwambia. "Si aibu. Tutawamba pamoja. Wewe utapiga vigingi, mimi nitavuta ngozi."

"Najua kuwamba, Mwalimu."

"Labda unaogopa ngozi mpya itakuwa ngeni mkononi mwako."

"Siogopi."

"Basi labda kuna neno hujaniambia."

"Hakuna neno," akasema Fisi, haraka kuliko mtu asiye na neno. Kisha akajikaza. "Na hata kanuni ya wapigaji, Mwalimu, inasema mwenye ngoma ndiye anayeamua lini itengenezwe. Mimi nimeamua. Vumi yangu haina ubovu."

Zamu ilikuwa inakaribia. Mwalimu Kanga akaona hana budi kulipeleka jambo kwa kundi zima. Wakakusanyika kwenye mto uliokauka, na Fisi akasimama kujitetea. Hapo ndipo lilipojulikana jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: Fisi alikuwa na kipaji cha maneno.

"Ndugu zangu," akaanza, "ni ngoma gani hapa isiyo na kovu? Chapuo ya Nyani ina kiraka, mmeiitia mkutano? Kayamba la Sungura lina mwanzi uliovunjika, mmeliitia mkutano? Sasa niulizeni kwa nini vumi peke yake ndiyo imeitiwa mkutano."

Hakuna aliyemuuliza. Akajijibu.

"Kwa sababu mpigaji wake ni Fisi. Mfupa ukipotea, ni Fisi. Mbuzi akichelewa kurudi, ni Fisi. Leo ngoma imebadilika sauti kwa joto, joto ambalo sikulileta mimi, nalo ni la Fisi. Sasa mnataka mje na vigingi vyenu mpekue mali yangu. Haya, pekueni. Lakini mjue mnachokifanya kinaitwaje."

Na hili ndilo la kuudhi kuliko yote, kwa maana alilolisema lilikuwa na ukweli. Wako fisi waliolaumiwa kwa mifupa ambayo hawakuigusa, wakapigwa, na hakuna aliyewaomba radhi. Hoja hiyo ilikuwa yao. Yeye aliiazima, akaivaa, ikamkaa. Nao wanyama wema, ambao hakuna kitu wanachokiogopa kama kuonekana wabaya, wakaanza kutazama kwato zao.

Bi Mbogo peke yake akasimama, ndama amemwegemea. "Mimi sina hoja," akasema. "Nina mtoto ambaye leo asubuhi hakunyanyuka mpaka nilipomsukuma kwa kichwa. Ninachotaka ni kusikia sauti ya baba yake siku ya zamu."

"Utaisikia, mama," akasema Fisi, sauti imelainika. "Ngozi ya marehemu nimeiweka karibu na moyo wangu."

"Iko wapi hasa?" akauliza Sungura.

"Imelala."

"Tunaweza kuiamsha?"

"Unaona?" Fisi akawageukia wengine. "Si nilisema?"

Wakapiga kura. Fisi akashinda. Wengine hata walimpa pole.

Sungura alirudi kwake akiwa amekunja uso. Hakuwa na nguvu za kumpekua Fisi wala mabavu ya kumtisha, na hoja kwa hoja alikuwa ameshindwa mbele za watu. Akakaa akaitafuna ile kauli ya Fisi: vumi haina ubovu. Akaitafuna tena. Kisha akaenda kumwona Nyani, wakanong'ona.

Siku moja kabla ya zamu, asubuhi, Sungura akamkuta Fisi amejilaza ubavuni mwa vumi yake. Mwalimu Kanga alikuwa karibu akikagua vigingi, na wanyama kadhaa walikuwa wakifunga mizigo ya safari. Nyani alikuwa amekaa juu ya chapuo yake, na alikuwa ameambiwa asiinuke kwa lolote.

"Kaka Fisi, habari ya asubuhi. Vumi inaendeleaje?"

"Nzima."

"Nzima kabisa? Haihitaji ngozi mpya?"

"Nimesema mara ngapi? Haina ubovu."

"Afadhali. Maana chapuo ya Nyani imetuharibikia, na kesho ndiyo zamu. Tupe ile ngozi ya marehemu tukate kipande. Maji ya kulowekea Mwalimu anayo."

Masikio ya Fisi yakalala. "Ngozi ile ni ya vumi."

"Ambayo haiihitaji."

"Huenda ikaihitaji."

"Basi ina ubovu. Tuiwambe leo. Lete ngozi."

"Haina ubovu."

"Basi ngozi haina kazi. Tumpe Nyani. Lete ngozi."

Wanyama waliokuwa wakifunga mizigo waliacha kufunga.

"Kaka," akasema Sungura kwa upole mkubwa, "chagua upande wowote unaoupenda. Pande zote mbili zina ngozi."

"Nitaileta mchana," akasema Fisi. Hakuona pengine pa kupitia.

Mchana wa kiangazi kila mnyama hulala, kivuli hata kikiwa cha fimbo. Fisi hakulala. Alizunguka, akafikiri, na kwa kuwa maisha yake yote alikuwa akitatua shida ya sasa kwa kula ya kesho, akafanya vivyo hivyo. Aling'oa vigingi vya vumi yake kwa meno, akaivua ile ngozi ya zamani iliyopasuka, akaikunja ufa ukaelekea ndani, akaipaka majivu ionekane haijatumika. Kisha akachukua kipande cha jamvi chakavu, lile la kusukwa kwa makuti, akakifunga kwenye mdomo wa ngoma, akakisiliba udongo. Kwa mbali palionekana pana ngozi. Kwa karibu palionekana pana jamvi. Fisi aliamua kwamba hakuna atakayekaribia.

Alipomaliza akampelekea Mwalimu Kanga lile furushi. "Ngozi ya marehemu hii hapa. Msiseme Fisi ni mchoyo."

Mwalimu Kanga akalipokea. Lilikuwa jepesi mno kwa ngozi ya mbogo. Kabla hajalikunjua, sauti ya Bi Mbogo ikapasua usingizi wa mchana: "Mwalimu, njoo. Ameanguka."

Ndama alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, macho yakitazama mahali pasipo na kitu. Mwalimu Kanga hakuomba ushauri wa mtu. Alikimbia akaleta kibuyu, na yale maji ya kulowekea ngozi akayamimina yote katika kinywa cha yule mtoto, kidogo kidogo, mpaka koo likaanza kumeza lenyewe.

"Na ngozi je, Mwalimu?" Bi Mbogo akauliza.

"Ngozi haina koo," akasema Kanga.

Hapo ndipo aliporudi akalikunjua lile furushi. Majivu yakamwagika. Akaona matundu ya vigingi kuzunguka ukingo, na katikati ufa, ule ule aliokuwa ameupitishia unyoya wake. Sungura akaja akasimama naye, akatazama.

"Nilitaka akamatwe," akasema Sungura. "Sikujua atavua ngoma nguo."

"Na hata hii hatuwezi kuishona tukairudisha," akasema Mwalimu Kanga. "Ngozi kavu haivutiki. Maji yamekwisha."

"Nikawaambie wenzetu?"

"Ukiwaambia leo, watamrarua, kisha watararuana wenyewe kwa ajili ya kura waliyopiga, na zamu itapita tukiwa hapa tunagombana. Kesho tutakwenda. Nitamwomba Simba."

"Simba hasikii maombi, Mwalimu. Husikia vumi."

"Najua, Sungura."

Jioni alimkuta Fisi peke yake akaketi kando yake. "Mwanangu, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Kama kuna neno, nipe sasa, tulibebe wote wawili. Kesho litakuwa zito kuliko mabega yako."

Fisi aliyaona majivu kwenye manyoya ya mwalimu wake. "Vumi haina ubovu," akasema.

Asubuhi kundi lote la Mkolekole lilivuka vilima. Ndama alitembea kwa kuegemea, mama yake upande huu na Pundamilia upande ule. Walipofika langoni waliyasikia maji kabla ya kuyaona, na wengine walianza kulia kwa ile sauti tu. Mbali, juu ya jabali, Simba alikuwa amejilaza akitazama upande mwingine.

Mlinzi wa lango alikuwa Ngiri, mnyama wa taratibu. Mbele yake palikuwa na moto. "Karibuni," akasema. "Ngoma zenu ziote moto kwanza, ngozi zikaze. Bwana Mkubwa hapendi ngoma yenye usingizi."

Nyani akainamisha chapuo yake, nzima kabisa, karibu na moto. Pundamilia akamtazama. "Si ulisema imeharibika?"

"Imepona," akasema Nyani.

Fisi alikuwa amesimama nyuma, amekumbatia vumi. "Yangu haihitaji moto. Imekazwa na jua."

"Hapa kila ngoma huota," akasema Ngiri.

"Kanuni ya wapigaji inasema mwenye ngoma ndiye anayeamua."

"Kanuni ya lango inasema Ngiri ndiye anayeamua." Akaisukuma vumi kwa pua, ikabingirika hadi motoni.

Jamvi la makuti, katika mwaka wa ukame, karibu na makaa. Udongo ulipasuka, moshi ukachungulia, na mara moto ukaruka juu kama jogoo. Kundi lote likaona wazi kwamba pale pasipopaswa kuwa na jamvi palikuwa na jamvi.

Fisi akafanya lile alilolijua. Shida zote za maisha yake alikuwa amezikabili kwa mdomo, na hii nayo akaikabili kwa mdomo. Alilirukia lile jamvi linalowaka alitafune litoweke, kichwa kikazama ndani ya mzinga, mdomo wa ngoma ukambana shingoni, na makaa yakamgusa pua.

Akalia.

Mmewahi kumsikia fisi akilia. Sasa fikirini kilio hicho kikitoka ndani ya gogo zima lililochongwa tupu. Kilianza chini kama ardhi inayokohoa, kikapanda, kikatoka kwa upande wa pili wa mzinga kikiwa kinene na kizito, "uuuuum," kikavuka maji, kikapiga jabali, kikarudi.

Juu ya jabali sikio moja liligeuka. "Nani hao?" Simba akauliza bila kugeuza kichwa.

Ngiri alitazama ngoma, akatazama miguu ya nyuma ya Fisi iliyokuwa ikirusha mchanga, akafungua mdomo. Kabla neno halijamtoka, Mwalimu Kanga alikuwa amepanda juu ya mzinga. Akaudonoa kwa mdomo. "Tena," akaamuru. "Shika mapigo. Nyani, chapuo. Sungura, usinitazame, tikisa."

"Mwalimu, inachoma," ikatoka sauti ndani ya ngoma.

"Moto umezimika. Inachoma aibu. Tena."

Akamdonolea mapigo, moja zito, mawili mepesi. Na kwa kuwa alikuwa amemfundisha vizuri, Fisi akalia kwa mapigo. Chapuo ikaingia. Kayamba likaingia. Ikawa ngoma, tena ngoma ya kueleweka, na vumi yake ilitembea chini yake mpaka jabalini.

"Waingie," akasema Simba.

Wakaingia, na waliokimbia hawakuweza kulaumiwa. Fisi alikokotwa pamoja na mzinga wake hadi ukingoni, kwani desturi ya bwawa ilikuwa hivi: vumi ikikoma, wageni wanatoka. Mwanya wa kumvuta kichwa, basi, haukuwapo.

Bi Mbogo alimfikisha ndama majini, akahakikisha anakunywa, akarudi. Akainama karibu na mzinga.

"Fisi."

Kilio kikashuka kidogo. "Naam, mama."

"Ngozi ya mume wangu iko wapi?"

Ndani ya ngoma hakuna wa kumtazama usoni, wala hakuna kura ya kuomba. Kila neno analolisema mtu humrudia sikioni likiwa kubwa kuliko alivyolisema. Mwalimu Kanga akaudonoa mzinga.

"Nimeila, mama."

Waliokuwa wakinywa maji waliinua vichwa. Kila mmoja alisikia. Alikuwa akiongea kwa vumi. Wale waliompa pole siku ya kura walirudisha midomo majini haraka, wakanywa kama watu wenye shughuli nyingi.

Bi Mbogo hakupiga kelele. Aligusa mzinga kwa pembe zake. "Nilimtoa mume wangu avume," akasema, "na wewe ndiye uliyemmeza. Basi utavuma wewe. Ukinyamaza kabla mwanangu hajashiba, nitakukumbusha kwa pembe."

Fisi akavuma. Alivuma Pundamilia wakinywa, akavuma Twiga wakipanua miguu na kuinama, akavuma Nyani akijimwagia maji kichwani kwa makusudi karibu na sikio la mzinga. Sungura alipita amelowa mpaka kiunoni. "Kaka," akasema, "nilikuwa nimekosea. Kweli vumi yako haina ubovu."

Kutoka jabalini Simba akasema, bado akitazama upande wake, "Vumi hiyo inalia kama yenye roho. Ni ngozi ya nani?"

"Ya marehemu mume wangu, Bwana Mkubwa," akajibu Bi Mbogo.

"Siisikii ikipigwa juu. Naisikia kama inatoka ndani."

"Iko ndani, Bwana Mkubwa."

"Vizuri sana," akasema Simba, ambaye kiburi hakikumruhusu kuuliza zaidi, na akalala.

Mnyama wa mwisho alipoinua kichwa, Ngiri akatangaza zamu imekwisha. Wakamshika Fisi miguu, wakavuta, kichwa kikatoka kama kizibo, manyoya yameungua, pua imevimba. Akageukia bwawa. Ngiri alikuwa tayari amesimama kati yake na maji.

"Sijanywa," akasema Fisi.

"Wageni wamekunywa," akasema Ngiri. "Vumi hainywi. Njooni zamu ijayo."

Fisi alimtazama mwalimu wake. Mwalimu Kanga alikuwa amelowa chepechepe. Akasimama juu ya uso wa Fisi, akakung'uta mabawa, na matone yakamdondokea ulimini, machache, ya kumfikisha nyumbani na si zaidi.

"Tukifika, utafunzwa kuwamba upya," akamwambia. "Utaanza na kulainisha ngozi za wenzako, na kila utakapoishika ngozi, mdomo wako utakuwa umefungwa kamba. Kamba nitaifunga mimi. Siku utakayotaka kuniambia neno, inua mguu, nitaifungua."

Fisi akajitwisha mzinga mtupu, akafuata nyuma ya kundi. Mbele, ndama wa Bi Mbogo alikuwa akitembea bila kuegemea. Aliposikia nyuma yao yule mpigaji akiugulia pua yake, akauliza kwa nini ngoma ile bado inalia na hali hakuna anayeipiga.

"Mwanangu," akasema Bi Mbogo, "mficha maradhi, kilio humfichua."